Simu Isiyosogea Muleba

Mama mpendwa,

Huku Muleba mvua inanyesha na ndizi zimeninenepesha. Simu tunazowapa wakulima kwenye utafiti wetu hutuonyesha wanavyotembea shambani. Jana simu ya Ma Paskazia, mjane jirani yetu, haikusogea tangu asubuhi. Tukaingiwa na hofu, tukamfuata. Tulimkuta kwenye mibuni, ameteleza, mguu umevimba, simu mfukoni haina salio, sauti imekauka kwa kuita. Tulipomwinua akasema, "Kumbe hiki kisimu kinasikia hata nikinyamaza."

Zahanati wamesema hakuvunjika. Leo amekaa mkekani, mguu umefungwa bandeji, akanikaangia senene, wale panzi wa huku, huku akinicheka ninavyowaogopa. Nimewala, Mama, mimi niliyekataa hata dagaa. Nikaomba tena.

Nakutakia usingizi mwema na magoti yasiyouma.

Mwanao,
Neema