Rangi Nyekundu Juu ya Kilima Chetu

Papa,

Jana nilipaka kilima chetu rangi nyekundu. Ndiyo kazi waliyonipa ofisini kwa watu wa misaada: naketi mbele ya kompyuta, nasoma habari za usalama, kisha napaka ramani. Penye kijani gari zetu nyeupe hupita. Penye nyekundu hazipiti. Nilipofika upande wa Kilo nililitafuta shamba letu, nikalikuta ndani ya mraba wa kampuni ya dhahabu. Mraba una namba. Jina la kilima halipo. Nikapaka, nikaenda kula.

Jioni nilimkuta Mama anachambua mbegu za maharagi. Anataka kurudi kupanda. Majirani wameshaanza kwenda, na shamba lisilolimwa msimu huu kampuni itasema halina mwenyewe. Nikamwambia eneo lile ni jekundu. Akacheka, kile kicheko chake kinachouma.

"Nyekundu? Weye uliona wapi? Udongo ya kwetu iko nyeusi."

Kwa Mama, kwenda kule ni siku nzima ya pikipiki na miguu. Watu wa kampuni wanaruka na helikopta. Chai haijapoa, wamefika. Rangi yangu haiwazuii wao. Inamzuia nani basi?

Ndipo nikakukumbuka ukingoni mwa kitanda. Tulipokimbilia hapa Bunia hukuwa na shamba wala bwana wa kukuita, lakini kila alfajiri ulikuwa umeshakaa, viatu miguuni, mikono juu ya magoti. Baba yako aliamshwa na king'ora cha mgodi wa Wabelgiji, naye akakuzoeza wewe saa ile ile, king'ora kikiwa kimenyamaza zamani. "Bazungu balienda, saa yao ikabakia mu mifupa," ulikuwa ukisema, na sisi watoto tunacheka. Ulikufa umekaa hivyo hivyo. Mama ndiye aliyekuvua viatu.

Sasa sicheki. Kila jioni redio ya kazi huita namba yangu, na popote nilipo, hata sokoni, naacha nyanya nilizokuwa nachagua na kujibu: niko ndani ya mji, niko salama. Jana iliita Mama akiwa bado ananitazama, anangoja neno langu. Nikaijibu redio kwanza. Nilipomaliza, alikuwa amerudia mbegu zake.

Naogopa, Papa. Rangi ile si uongo mtupu. Watu wamekufa kweli kwenye njia ile, na amani hii, wanaotuambia ipo ni wale ambao hawalali huko. Lakini Mama ataenda, nikubali nikatae. Siwezi kukaa ofisini nikitazama doa jekundu huku nikijua yumo ndani yake, ameinama, na jembe lake.

Jumamosi ninakwenda naye. Redio itabaki mezani. Iite mpaka ichoke. Wakinifukuza nitalia, maana tunakula kwa kazi ile. Ila nitakuwa nimepanda mstari wako, ule wa karibu na migomba, na jina la kilima nitakuwa nimelitamka nikiwa nimesimama juu yake.

Wewe pumzika sasa. Usivae viatu, Papa, hakuna anayekuita. Alfajiri hiyo nitaamka mimi, na nitaamka kwa sababu maharagi yanataka udongo ungali na umande.

Ni miye,
Neema wako