Mtumbwi wa Tanga Nilioununua Kibara Bila Wewe

Mama Magesa,

Usicheke mwandiko. Ni mkono wangu mwenyewe, sikumwandikisha mtu. Toka ulale wametuletea masomo ya watu wazima, na mimi ndiye nasoma kuwashinda wote, hata shemeji yako anayejidai alifundishwa na mapadri kule Nyegina. Muulize mtu yeyote. Ah, utamuuliza nani.

Mambo yamegeuka. Kisiwani kwetu hakuna mtu tena. Wote tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, huku njia ya Bunda, nyumba zimepangwa mstari kama mahindi. Shule ipo, zahanati wanasema inakuja. Siyo vibaya. Lakini wewe umebaki kule peke yako, na mawe niliyokuahidi kuzungushia kaburi sikuyamaliza, lori lilikuwa ng'ambo linatungoja. Viboko wanapandaga pale kula majani. Nikifumba macho nawaona wanakukanyaga.

Niliomba mtumbwi wa kijiji. Mwenyekiti akasema ule ni wa samaki, siyo wa makaburi. Mimi siombi mara mbili, unanijua. Nikaswaga yule ng'ombe wetu dume mwekundu mpaka Kibara nikanunue wangu, wa tanga, maana mabega haya hayawezi tena kasia la siku nzima.

Nikakuta mitatu inauzwa. Wa kwanza mlingoti umepasuka. Wa pili mpana kama kitanda. Wa tatu, mama! Mwembamba, rangi ya kijani mpya, tanga halina kiraka. Nikagonga mbao kwa ngumi, zikalia vizuri.

Unajua mitumbwi yetu yote nilikuwaga najisifu niliichagua mimi. Nakaa juu ya jiwe nabishana bei, na wewe unapita na ndoo kichwani, unachota ziwani, unamwaga ndani ya mtumbwi ukiwa mchangani mpaka ujae. Halafu unazunguka umeinama, unatafuta maji yanapotokea. Ulisemaga, "Baba Magesa, huyu analia hapa." Tunamwacha, tunaenda kwa mwingine. Watu wananisifia jicho langu, na mimi naitika.

Sasa hapo Kibara nikaomba ndoo. Nikachota moja. Wanaume waliokuwa wanashona nyavu wakaacha kazi. Mmoja akasema, "Mzee, kwenu wanawake wamekwisha?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwenye mtumbwi akanishika mkono: "Baba, mtu wa ziwa kama wewe, jicho linatosha." Nikaweka ndoo chini. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, mimi nanunua kwa jicho. Kamba ya dume nikampa mwenye mtumbwi.

Asubuhi nikapandisha tanga, jembe na chakula vikiwa ndani. Upepo mzuri. Kisiwa nilikiona, mama. Niliona hata ule mwamba ulikoanikaga dagaa. Halafu miguu ikalowa. Nikakumba maji kwa sufuria, yanaingia kuliko ninavyotoa. Nikageuza. Wale wale wa Kibara ndio walionivuta kwa kamba. Hakuna aliyecheka safari hii, na hiyo iliniuma zaidi.

Fundi alichokoa ubao wa chini kwa kisu, kisu kikaingia mpaka mpini. Chini ya rangi ni unga. Akasema, "Mzee, hapa hata pamba ya Bunda nzima haizibi." Aliyeniuzia anasema nilinunua kwa jicho na mashahidi wapo. Kweli, wapo. Ng'ombe mwingine sina.

Mwenyekiti ameshatuonyesha makaburi ya kijiji, nyuma ya shamba la pamba. Huko ndiko watanilaza. Tulisema tutalala ubavu kwa ubavu, mimi upande wa ziwa. Haitakuwa. Hata barua hii haina wa kukuletea.

Basi lala, mke wangu. Mawe siahidi tena, nimeahidi vya kutosha. Naahidi hiki kimoja: mtu wa hapa akienda kununua mtumbwi nitakwenda naye, nitabeba ndoo kichwani mwenyewe mbele ya wanaume, nitaujaza, nitainama. Wakiuliza nani alinifundisha, nitakutaja jina. Wacheke.

Mimi mumeo, Baba Magesa, niliyekuwaga nakaa juu ya jiwe.