Bi Tausi Haitikii Shikamoo

Shomari,

Sikuanzii na salamu, kwa sababu salamu ndizo zilizoniletea hasira hizi. Nimekasirika. Nimemkasirikia Maganga, nimemkasirikia mjomba wako, na wewe mwenyewe usidhani umesalimika kwa kuwa umezikwa. Zamu yako inakuja humu humu.

Nianze na soko, maana najua ndilo ungeliulizia kabla ya kuniuliza hali yangu. Meza yako bado ipo pale pale ndani ya gemu, kwenye lango la mji, chini ya ule ukuta ulioupenda kwa sababu wachezaji wanaotoka vitani na wanaokwenda vitani wote lazima wapite. Wiki ile baada ya mazishi niliwasha simu nikaingia kwa nia moja tu: kukaa karibu na meza yako tupu nilie bila mtu kuniuliza kitu. Nikakuta si tupu. Bi Tausi wako amekaa nyuma ya meza, mgongo umepinda vile vile, mtandio wa kijani, bakora mapajani, na maneno yake yanapita kwenye chati moja baada ya lingine: BEI CHEE, BEI CHEE, WAHINI, MZIGO UNAISHA.

Nikaandika, "Shikamoo bibi." Sijui nilitegemea nini. Hapana, najua sana nilitegemea nini, na sitaki kukuandikia. Sikujibiwa. Bi Tausi akarudia bei chee.

Shomari, Bi Tausi hajawahi kupiga kelele. Bi Tausi hajawahi kuacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Wenzako wote kwenye gemu lile wanajitengenezea mashujaa wenye vifua vya kutisha na mapanga marefu kuliko wao, wewe ukajitengenezea ajuza wa kuuza dawa na ngozi, na nilipokuuliza kwa nini ukanijibu kama unamfundisha mtoto: "Nani atambishia bei bibi aliyekwisha kumwamkia?" Na ilikuwa kweli. Mtu alikuja na ubabe wake wote, akiona mtandio anaandika shikamoo, wewe unaitikia marahaba mjukuu wangu, umekula? Unamwuliza anakwenda kupigana na nani, wamekwenda wangapi, jana walishindwa wapi. Kabla hajajitambua amekumwagia shida yake yote. Halafu unamwuzia dawa ya shida hiyo hiyo, wala humsukumizii nyingine. Wenzako walikuwa wanauza walichonacho. Wewe uliuza anachokihitaji mtu, na ndiyo maana walirudi.

Mimi mwenyewe uliniokota hivyo. Nilikuwa nimesimama langoni mchana na ngozi zangu za chui, naandika kwa herufi kubwa kama huyo mpuuzi wa sasa, nashusha bei kila baada ya muda mfupi, nikishindana na nafsi yangu mwenyewe. Bi Tausi akaja na bakora yake, akanunua zote. Halafu akanirudishia nusu. "Mjukuu, mchana watu wanazurura tu. Hizi ziuze jioni, wakijiandaa kwa vita. Na usiziuze moja moja. Zipange mafungu." Mafungu, kama mama yako anavyopanga mihogo yake barazani. Sikujua wakati ule kwamba hiyo mihogo ipo. Nilijua tu nimempata bibi mwenye akili.

Na nilimwamini huyo bibi, wewe mshenzi. Kwa muda wote ule niliamini kuna bibi kweli, kizee fulani wa Kisarawe ambaye wajukuu wamemfundisha simu. Nikakuomba nije kukuamkia ana kwa ana, ukakubali, hukusema neno. Nikatoka Kongowe na doti ya kanga na sukari kwenye mfuko. Baba yangu, na ualimu wake wote wa pale Tumbi, akaniagiza nimfikishie bibi salamu zake na nimwombe amwombee miguu yake. Nikafika kwenu nikakuta kijana mwembamba barazani, macho ya manjano, amevaa sweta kwenye jua, simu mkononi. Ukaniangalia, ukaangalia mfuko, ukasema kwa sauti nzito ya kizee, "Marahaba mjukuu wangu." Nilitaka kukupiga na ile sukari. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Kanga ukampa yeye.

Ndiyo aliyoivaa msibani kwako. Niliitambua tangu mlangoni.

Basi nikueleze ya msibani, kwa kuwa hukuyaona. Nimekaa na kina mama, nimejifunika, sijui niseme mimi ni nani wako. Mwenzangu wa pembeni ameniuliza mara mbili kama nilikuwa mchumba, nikamwambia tulikuwa tunafanya biashara. Mara anaingia Maganga, jirani yenu, amevaa shati lako. Shati lako la mistari, Shomari. Ameshika simu yako, anakaa kwenye kile kigoda chako, anajikunja mgongo kama Bi Tausi, anaanza: "Karibu mjukuu, tazama kwanza, bei tutasema baadaye." Na watu wanacheka. Mama yako, machozi yanamtoka, anacheka. Sisi Wapare tunataniana na Wachaga tangu asubuhi mpaka jioni, lakini nyumbani kwetu maiti ikiwa ndani watu wananyamaza. Nikamgeukia yule mama wa pembeni kwa hasira, akanituliza kwa kunishika goti. Akaniambia Maganga ni Mnyamwezi, ninyi ni Wazaramo, ni watani, na hii ndiyo kazi ya mtani msibani: amwige marehemu, ashike kitu chake akizuie, mpaka wafiwa wakikomboe kwa jogoo au kitu kidogo chochote, akiachie. Wakati wa kutoa jeneza Maganga akainua simu juu akasema haitoki mikononi mwake mpaka ikombolewe.

Sawa. Mila yenu, nikaiheshimu. Lakini mila hiyo ina mwisho, hata mimi nililiona hilo. Ulizikwa, watu wakatawanyika, na simu haikurudi. Sasa Bi Tausi yuko langoni anauza akiba yako kwa bei ya kutupa, dawa zile nilizokuchumia milimani zinakwenda moja moja bila fungu, na hakuna nyongeza.

Hilo la nyongeza ndilo lililonichoma zaidi kuliko bei. Wewe mteja wako hakuondoka bila kibuyu cha maji, kitu cha bure kabisa, kila mchezaji anakichota kisimani. Na ulikuwa mkali kuhusu wakati wake. "Nyongeza inatoka mtu akishalipa. Ukiitoa kabla, umemhonga. Ukiitoa baada, umemshukuru." Nilikuwa nakucheka, eti unapoteza muda kuchota maji. Halafu nikaona watu wazima wanapita meza kumi kuja kwako kwa ajili ya kile kibuyu.

Nikavumilia nikijisemea si langu, nina ndugu gani Kisarawe. Halafu nikamwona Kifaru. Unamkumbuka, yule mbabe asiyejua kutumia koma. Anapita sokoni amevaa joho jeupe. Joho letu. Lile nililolipigania kwa yule dudu wa mlimani nikafa, nikarudi, nikafa, wewe umekaa nyuma yangu na bakora unanirushia dawa na kunitukana kwa adabu. Uliliweka mezani kwa bei ambayo hakuna mwenye akili timamu angeilipa, ukaniambia, "Hiki si cha kuuza. Hiki ni cha kuwasimamisha." Mtu anasimama kulitazama joho, anaondoka na dawa. Sasa amelivaa Kifaru. Nilimwuliza kalipata wapi. Akaandika, bibi kaniuzia chee hata hakunisalimia.

Nilinunua jogoo kwa jirani asubuhi yake nikaja Kisarawe.

Nilikuwa nimejipanga, Shomari. Njia nzima nilijifundisha masomo yako: mwenye shida asionyeshe shida, mwache muuzaji aongee, usiitaje bei wewe kwanza. Nilipomwona Maganga amekaa barazani kwenu yote yakanitoka. Nilimwita mwizi. Nilimwita mbele ya mama yako, jogoo akiwa kwapani kwangu anapiga kelele kunizidi. Nikamwambia utani unakwisha kaburi likifukiwa, na kinachobaki baada ya hapo kina jina lake na hilo jina hata Wanyamwezi wanalijua. Akaniambia kwa upole ulioniudhi, "Wewe dada si ndugu wa marehemu. Huwezi kumkombolea kitu."

Ndipo mama yako alipoacha kumenya mihogo. "Maganga," akasema, "mtani anazuia, kinakombolewa, anaachia. Wewe unazuia mpaka lini?"

"Hakuna aliyekuja kuikomboa, mama."

Ikajulikana kuwa siku ile ya msiba alimwendea mjomba wako, kama mila inavyotaka, na mjomba kwa haraka zake akacheka akamwambia kaa nayo tu. Basi. Kaa nayo tu. Kwa mtani, hilo ni kama kuambiwa marehemu wenu hana thamani hata ya kuku. Alirudi nyumbani na simu yako imewaka, gemu liko wazi, wewe hukuwahi kulifunga. Na watu wanapita mezani. Shikamoo bibi. Shikamoo bibi, mbona kimya? Bibi unaumwa?

"Nilikuwa naandika marahaba, nafuta," Maganga akasema. "Naandika, nafuta. Nikaona nikipiga kelele za bei hawataniamkia."

Halafu akalia, akiwa amevaa shati lako.

Nilitaka awe mwizi tu, Shomari. Ingenirahisishia. Na bado ameuza, na bado alichopata kimekwenda kwenye bando na chipsi, hilo hakulikana. Simwonei huruma kama anavyotaka mama yako nimwonee. Lakini hasira niliyompelekea ilifika pale ikakosa pa kukaa, ikageuka, ikakufuata wewe.

Kwa sababu ni nani aliyefanya sote tusijue? Nilikuuliza kuhusu macho yale, ukasema ni usingizi mdogo. Ulipokuwa unakaa kimya kwenye gemu katikati ya mauzo nilikuuliza, ukasema mgongo tu, umekaa vibaya. Neno sikoseli, huo ugonjwa wa damu, nimelisikia kwa mara ya kwanza kwenye msiba wako, kutoka kwa mama niliyekaa naye mkekani, mgeni kwangu. Mama yako anasema siku ile ya mwisho alikusihi mwende hospitali tangu mapema, ukamwambia ngoja nimalize soko la jioni. Soko la jioni. Ulijua bei ya kila kitu langoni pale, ulijua mtu anahitaji nini kabla hajasema, na wewe mwenyewe ulipohitaji ukamficha kila aliyekuwa mezani kwako. Ningekuja. Kongowe si mbali. Ningekuja na baba yangu na miguu yake mibovu tukubebe. Hukunipa nafasi ya kujua ulichohitaji, na huo ndio ufundi pekee ulionifundisha. Sijakusamehe. Nakuambia wazi ili usisikie kwa wengine.

Mama yako ndiye aliyemaliza kesi. Alimchukua jogoo kwapani kwangu akamkabidhi Maganga yeye mwenyewe, akasema, "Huyu ni mkono wangu, na aliyemshika njiani ni mwanangu." Maganga akampokea kwa mikono miwili. Simu akaniwekea mimi mapajani.

Nikaingia nikiwa Bi Tausi, pale pale barazani kwenye kigoda chako, jua limekaa vizuri, mama yako anamenya mihogo, Maganga anahangaika na jogoo. Kwanza nilifuta zile kelele zote. Meza ilikuwa karibu tupu. Na nani anapita? Kifaru, na joho letu. Akasimama.

"Shikamoo bibi. siku hizi huitikii"

Nilimwandikia matusi. Nilimwandikia kwamba amevaa kitu asichokilipia thamani yake, kwamba mwenye duka akifa watu wazima huuliza kwanza bei chee inatoka wapi. Yalikuwa marefu. Nikayafuta.

"Marahaba mjukuu wangu," nikaandika. "Umekula?"

"bado bibi"

Nikampa kibuyu cha maji. Akauliza cha nini. Nikamwambia ni nyongeza yake, alilipa joho akaondoka bila nyongeza, na mezani kwa Bi Tausi hilo halijawahi kutokea. Nikamwambia na lililobaki: kwamba mwenye Bi Tausi amefariki, na anayekaa hapa sasa ni mjukuu aliyeachiwa meza. Sitawadanganya watu wako. Watakaotaka kuniita bibi waendelee, watakaotaka kulia walie, soko ni la wote.

Nakuahidi haya. Bi Tausi hatauzwa, hata akija mtu na bei ya wazimu. Atakaa pale pale langoni, jioni, mafungu yakiwa yamepangwa, na maji nitachota mwenyewe. Shikamoo itakayoandikwa pale itaitikiwa. Kuhusu mama yako, nakwenda kila nikipata nafasi, na namwuliza anahitaji nini, na nakaa mpaka aseme.

Lala, Shomari. Siku tukikutana mimi sikuamkii, hata ukivaa mtandio. Utaniamkia wewe kwanza, kwa kosa la kunificha ugonjwa. Halafu nitaona kama nakuitikia.

Mjukuu wako,
Nakijwa