Nusu za Kitabu Changu

Alhamisi, 11 Machi 1999

Jana, kwa Thuo, kijana wa kompyuta pale Kericho, nusu zote za kitabu changu zimepotea. Zote! Naandika hapa nisije nikaambiwa kesho niliota.

Miaka mitatu nimekiandika kwa mkono. Kufuga ng'ombe wa maziwa, Kiswahili cha kueleweka. Nyambeki akanipigia chapa kwa kompyuta huko Bomet, neno kwa neno. Mwenye mashine ya kuchapa vitabu Nakuru alitaka nilipie nakala elfu moja kabla hajagusa wino. Thuo akasema, karatasi za nini? Atakigeuza kiwe kitabu cha disketi, kifunguke kwa kompyuta yoyote, unabonyeza sura inakuja. Vyama vya maziwa vimepewa kompyuta na wafadhili, na zimekaa tu zimefunikwa vitambaa kama kochi la wageni. Kila chama kiprinti ukurasa kinaotaka. Nilipenda. Bado napenda, na hiyo ndiyo inauma.

Sasa jana ananionyesha kwenye kioo kabla ya kutoa nakala. Naona nini? NgÆombe. NgÆombe kila mahali! A na E zimeshikana kama mapacha mgongoni. Huyu ni mnyama gani? "Ni kugeuza, mathe. Programu ya Nyambeki na yangu haziongei lugha moja." Akabonyeza mara mbili, ng'ombe wote wakapona kwa mpigo. Hapo nilimsifu.

Nikashuka hadi sura ya dawa. Palipokuwa na ½ pana kisanduku kitupu. Dawa ya kupe: mililita 2 na kisanduku kwa lita ya maji. Maziwa ya ndama: lita 1 na kisanduku. Thuo anacheka. "Si watu watajua tu ni nusu?" Watajulia wapi? Ng'ombe ukimwandika vibaya bado ana pembe. Nusu ukiifuta haiko!

Nikamwambia aandike neno NUSU, kwa herufi. Akasema neno ni refu, litabomoa jedwali, yeye ataweka nukta tano, isomeke 2.5. Haya, weka. Lakini disketi isitoke hata moja mpaka nije Jumatano nikague tena. Akasema sawasawa.

Ijumaa, 12 Machi

Mume wangu Johana ananicheka. Anasema nimepigania nusu kama watu wanavyopigania mpaka wa shamba. Nikamkumbusha shamba lenyewe limetoka wapi. Ng'ombe mmoja, na mimi nikiuza nusu lita, nusu lita, kwa walimu. Akaenda kuchuna majani.

Jumanne, 16 Machi

Mikono yangu bado inanuka dawa.

Asubuhi Sellah, jirani yangu, amekuja mbio bila kitambaa kichwani. Ng'ombe wake Chelel anatoa mate, miguu inatetemeka. Alimnyunyizia dawa ya kupe jana jioni. "Nimefuata kitabu chako, Mama Weldon! Si iko kwa ukuta wa chama?" Nikasema kitabu changu hakijatoka. "Kimetoka! Jina lako liko juu!"

Tumemwosha Chelel kwa sabuni na maji mengi. Daktari wa mifugo amekuja akapiga sindano, akauliza dawa ilichanganywa vipi. Sellah alipimiwa dukani kwa chupa ya soda, haina maandishi. Maandishi yalikuwa yangu.

Nimeshuka Merigi, ofisi ya chama. Kweli, karatasi iko ukutani, imebandikwa kwa pini nne. NA JANEFFER KOSKEI, herufi kubwa. Chini yake: dawa ya kupe, mililita 25 kwa lita moja ya maji.

Ishirini na tano!

Maziwa ya ndama, lita 15. Ndama gani huyo, wa ndovu? Chumvi, palipokuwa na nusu kijiko, vijiko 5. Nikaelewa papo hapo. Thuo ameweka tano kwenye kila kisanduku. Nukta hakuweka.

Nicholas, karani wa chama, anasema disketi ililetwa Ijumaa na gari la vifurushi. Ijumaa! Nilimwambia mpaka Jumatano! "Tulifurahi, mama, tukaprinti ya kupe kwanza." Hukuona lita 15 za ndama? "Niliona ni nyingi. Lakini nikasema, imetoka kwa kompyuta."

Nimeirarua. Nicholas: "Mama, hiyo ni mali ya chama." Nikamwambia mali ya chama imelala kwa Sellah inatetemeka.

Jumatano, 17 Machi

Kericho. Thuo amefungua faili, ametazama, masikio yakawa mekundu. Kisha mdomo ukafunguka. "Lakini mathe, wewe ndio ulisema tano." Mimi nilisema NUSU! Tano ilikuwa yako, na hata hiyo umeikata kichwa!

Kwa nini hakuningoja? Eti vyama vilikuwa vinapiga simu, eti alitaka kunipa surprise. Nimepata, asante.

Nikauliza: disketi zimeenda vyama vipi? Akaanza kunieleza jinsi mashine inavyobadilisha zote kwa mara moja. Nikauliza tena. Akasema atanipa disketi mpya, safi, bila malipo. Sitaki disketi, nataka majina ya vyama! Mama mmoja aliyekuwa akingoja kadi zake za harusi akamwambia, "Kijana, si ujibu mama." Akasema vifurushi vilipelekwa na kaka yake Morris, na Morris yuko Nakuru, anarudi kesho asubuhi. Fort Ternan je? "Nadhani. Ama ilikuwa Litein." Zimetoka mbili tu, yetu na nyingine moja, na bado anadhani!

Chelel amesimama jioni, lakini hana tone la maziwa. Sellah amenishukuru kwa sabuni, hakuongeza neno. Sokoni wameongeza. Nimepita kwa wauza viazi nikasikia, "Mama Ishirini na Tano huyo, mfiche mbuzi." Nimewatazama wakaanza kupanga viazi.

Alhamisi, 18 Machi

Niko ofisi ya chama, karibu na simu. Naandika nyuma ya karatasi ya Nicholas, nitaibandika kwenye daftari baadaye.

Leo ni siku ya dawa ya kupe, Fort Ternan na Litein vilevile. Wanaanza saa sita ya mchana, ng'ombe wakitoka kunywa maji. Nicholas amejaribu kuwapigia wote wawili. Fort Ternan simu imekufa tangu mvua. Litein inalia tu. Johana ameazima pikipiki ya mwalimu, iko nje inanguruma, na yeye juu yake, kofia kichwani. Fort Ternan iko huku, Litein huko. Mtu mmoja hafiki kote.

Thuo ameshika simu mara ya tatu. Morris amerudi? Amerudi, lakini ameenda kunywa chai. Kwani chai inanywewa Uganda?

Nimemwambia pole pole, kama mtoto. Thuo, sikulaumu sasa, nitakulaumu kesho. Fort Ternan au Litein? Neno moja. Saa nne na nusu sasa hivi. Saa tano Johana lazima awe barabarani.

Anasema nishikilie. Nasikia viti vinaburutwa.

Thuo! Wapi?