Chai Niliyomwaga Sinkini

Mwanangu,

Nguo zimekauka, zianue kabla ya mvua. Mlango wa nyuma usukume kwa bega, umevimba.

Asubuhi ulipokuwa unaoga, mumeo aliniletea chai kwa mikono miwili, akatabasamu: "Kunywa, baba, ingali moto." Basi nikamwona yule ndugu wa mfalme katika tamthilia yetu ya jana, aliyempa kaka yake sumu kwa tabasamu lilelile. Nikaimwaga sinkini mbele ya macho yake. Akauliza, "Baba, chai yangu ina nini?" Akaenda kazini bila kuaga.

Najua utasema, "Baba, hao waigizaji tu, wanalipwa!" Wanalipwa, lakini uso wa yule mfalme haunitoki akilini.

~~Nakwenda kwa shangazi yako, msinitafute.~~ Hapana. Nakwenda karakanani kwa mumeo kumwomba radhi. Msiwashe televisheni bila mimi.

Kinachonitesa si sumu, mwanangu. Mfalme alijua kikombe kina sumu, akakinywa kwa kumpenda nduguye. Mimi nilijua changu hakina sumu, nikakimwaga.

Baba