Misumari Robo Kilo

Mke wangu mpendwa, Mama Simiyu,

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Natumaini kikohozi cha Simiyu kimekwisha, na kwamba mvua ya Kitale imewapa nafasi ya kuanika mahindi. Mimi mwili uko sawa. Kichwa ndicho sijui.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu mnayeongea naye kwa simu kila Ijumaa. Haya nilijaribu kuyasema kwa simu yakanishinda, nikaishia kukuuliza bei ya unga. Mtandaoni nako siwezi kuandika neno, kwa sababu kila ninachoandika huko siku hizi mama yako anakisoma. Ndiyo, mama yako. Kaa chini kwanza. Barua anakuletea Barasa, yule wa Lwakhakha ninayelala naye chumba kimoja hapa Doha, maana amepata likizo.

Ile blogu yangu unaijua. Wewe ndiye uliyeniambia niianze, ulipochoka na jumbe zangu ndefu. Nilikuwa nikiandika pale mambo ya nyumbani kwa jina la Mtu wa Stoo, na wasomaji wangu walikuwa wachache, watu nisiowajua, ndiyo maana nilikuwa huru. Sasa kampuni iliyokuwa ikiitunza ikatangaza kwamba inafunga, kila mtu ahamishe vitu vyake. Nilisikitika kama mtu aliyeambiwa ahame shamba alilolipanda mwenyewe. Barasa akanicheka.

"Si uhamie kule waandishi wote wako, bana," akaniambia. "Huko watu wanasoma. Hapa ni kama unaongelesha ukuta."

Nikahamia huko kwenye jukwaa la waandishi. Nilihama nikiwa kantini, saa ya chai, mkono mmoja umeshika chapati. Lile jukwaa lilikuwa na maswali kuliko karani wa mahakama, na mimi kila swali nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, nirudi kazini. Kumbe moja lilikuwa linauliza kama litafute marafiki ndani ya simu yangu. Likachukua namba zote na kumpelekea kila mtu habari kwamba fulani unayemfahamu anaandika hapa. Jina langu kamili, na ile picha ambayo nimevaa koti la stoo ya baridi. Hadithi zangu zote za zamani zikatolewa upya kama mkate wa asubuhi.

Namba ya mama yako ulinipa mwenyewe nilipokuwa nikiondoka, ukasema niiweke tu kwa ajili ya dharura. Sijawahi kuipiga. Unajua kwamba tangu nikuoe sijampa mkono, wala hatujakaa chumba kimoja, na hivyo ndivyo adabu ya mkwe ilivyo kwetu. Nimeishika adabu hiyo miaka yote. Simu imeivunja kwa kubonyezwa mara moja.

Unakumbuka ile hadithi ya misumari? Siku ile nilipokutana naye ghafla sokoni Kibabii, yeye akakwepa akaingia duka la vifaa vya ujenzi, mimi nikajificha nyuma ya magunia ya viazi, na kila mmoja akawa anangoja mwenzake aondoke. Mwenye duka akamkazia macho hadi ikabidi anunue kitu. Nikaandika kwamba mama mkwe wangu alitoka pale na misumari nusu kilo, na nyumbani kwake hakuna kilichokuwa kinapigiliwa. Niliiandika kwa mapenzi, Nekesa. Wewe mwenyewe uliisoma ukacheka.

Basi asubuhi moja nafungua jukwaa, nakuta moyo mwekundu na picha ya mama yako na kile kitambaa chake cha kanisani. Chini yake ameandika mbele ya watu wote: "Misumari ilikuwa robo kilo. Na wewe nilikuona, ulikuwa umevaa shati ya kijani."

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaanza kutoka jasho, na mimi nafanya kazi ndani ya friji.

Nimejaribu kila kitu. Kumfungia mlango asisome siwezi, hilo ni tusi, na ataliona. Nikataka kuifuta akaunti yote, jukwaa likaniambia litatuma namba ya siri kwenye laini yangu ya Kenya, ile iliyokufa zamani. Nikaandikia wenye jukwaa. Nikajibiwa na mashine kwamba wanafurahi sana kuwa nami katika familia yao. Nikaandika tena, mashine ikafurahi tena. Nikaona basi, nitakaa kimya, nisiandike kitu, atachoka aende.

Hakuchoka. Jukwaa lina kijisanduku cha ujumbe wa siri, kitu ambacho blogu yangu haikuwa nacho. Wiki iliyopita akaniandikia humo. Nakunakilia kama ulivyo:

"Baba Simiyu, habari ya huko. Mbona umenyamaza? Hapa mimi naona nusu nusu. Jicho la kushoto lilienda tangu tupalilie, na hii ingine imeanza kuwa na ukungu. Stori zako nasoma asubuhi jua ikiwa nzuri, naweka simu karibu na pua. Usiambie Nekesa. Ataacha kazi na watoto akuje kunipigia kelele ya hospitali, na mimi sitaki mtu aguse jicho yangu. Nimeambia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kufanya kitu. Andika zingine haraka, kabla hii haijafunga."

Hapo ndipo nilipo, mke wangu. Katika watu wote wa nyumba yenu, amenichagua mimi kwa sababu siwezi kufanya kitu. Na ni kweli. Mkataba unanishika, siwezi kuja. Simu siwezi kumpigia, nitaanza kwa kusema nini? Hata kumjibu nimeshindwa, na lile jukwaa limeandika chini ya ujumbe wake kwamba nimeusoma. Kila akifungua anaona hivyo. Naumia sana nikimfikiria amekaa pale mlangoni kwenye jua, simu puani, anasubiri mkwe asiyejibu.

Nilikaa nikaandika hadithi mpya, ile ya ng'ombe wa baba yako aliyeingia kwenye harusi. Kwenye blogu yangu ningeweza kukuza herufi mpaka zikajaza kioo. Huku zote ni za kipimo kimoja kwa watu wote, hakuna pa kubonyeza. Kwa hiyo nimeiandika kwa mkono, kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, herufi kubwa kama za watoto wa nasari. Ni hiyo bahasha nyingine.

Nenda Kibabii, Nekesa. Nenda na kaka yako, yeye mama humsikiliza, mmpeleke hospitali akapimwe, kama vile mmeliona jicho wenyewe. Amenikataza kukuambia nami nimekuambia, na sijui nitamtazama vipi, ingawa hata hivyo hatutazamani. Ukimpa bahasha, atajua nimesema, na hataniamini tena kwa neno lolote. Usipompa, ataendelea kungoja kwenye simu mpaka kioo kiwe giza. Nimelifikiria mpaka nimechoka. Amua wewe uliye karibu.

Nisalimie mama yangu mzazi, mwambie kifua hakinisumbui siku hizi. Msalimie kaka yako na mkewe, na yule jirani mwalimu anayewasaidia watoto hesabu. Simiyu na mdogo wake wabusu wote.

Mama yako ndiye nisiyeweza kumtumia salamu. Lakini kama utampa ile bahasha, tafadhali usimsomee. Mwache asome mwenyewe, na ukae mbali kidogo. Ile ya misumari nayo nimemnakilia humo, na hapo kwenye kilo nimesharekebisha, nimeandika robo.

Ni mimi mume wako, niliye mbali,

Wafula, Baba Simiyu