Nguo sita za mtoto wa kaka

Shoga, nimetoka kwa kaka sasa hivi.

Si unajua dada alimshonea mtoto wao mchanga nguo sita? Leo tumeenda kumwona mtoto, dada anaingia jikoni kunawa mikono, anazikuta kwenye ndoo ya matambara ya kudekia, zimelowa. Zote sita!

Akamuuliza wifi kwa upole tu. Wifi akasema, "Nilihofia labda sindano ilikuchoma ukishona."

Wifi! Nesi mzima! Yeye ndiye aliyemkalisha dada chini siku ya majibu, akamwambia VVU haviambukizwi kwa nguo. Miaka minne dada hajaruka kidonge, virusi havionekani hata kwenye kipimo.

Dada akamwambia, "Lakini wewe ndiye uliyenifundisha."

Unajua alijibu nini?

"Yale nawaambia wagonjwa. Huyu ni mwanangu."

Huyu ni mwanangu! Na kaka yupo palepale, anasikia yote.

Dada akazitoa nguo, akazikamua moja moja, akazitia kwenye mkoba. Hakulia. Njiani kaniambia jambo moja tu: kesho ni siku yake ya kuchukua dawa, na anayezigawa ni wifi.